Makapi ya Uwele

Kila Machi huisoma orodha ndefu ya Tuzo ya Wanawake ya Riwaya ya Uingereza kama watu wanavyosoma matokeo ya kidato cha nne: kwanza natafuta jina la mtu wa kwetu. Mwaka 2025 ilitoka tarehe 4, nikiwa nyumbani Sapiwi, wilayani Bariadi, nakusanya hadithi za Kisukuma kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Vitabu 16. Nikamwona Chimamanda Ngozi Adichie na Dream Count, nikamwona Karen Jennings wa Afrika Kusini na Crooked Seeds. Afrika Mashariki, hakuna. Nadifa Mohamed, mzaliwa wa Hargeisa, aliingia mwaka 2010 kwa Black Mamba Boy, lakini huyo ni jirani wa kumhesabu kwa kunyoosha sana mkono.

Sina ugomvi na tuzo yenyewe. Mwaka 1991 orodha fupi ya Booker ilikuwa na wanaume sita watupu. (Aliyeshinda ni Ben Okri, Mwafrika mwenzetu, kwa hiyo siwezi kuisema vibaya sana.) Baada ya hapo watu wa vitabu wakaanza kukaa vikao, na mwaka 1996 tuzo ya kwanza ya wanawake ikaenda kwa Helen Dunmore. Leo mshindi anapata pauni 30,000. Wapo wanaosema tuzo ya wanawake peke yao ni kujitenga. Hao hawajakulia nje ya shikome.

Kinachonikaba ni sharti moja: riwaya iwe imeandikwa kwa Kiingereza, na tafsiri hazipokelewi. Kwa hiyo riwaya ya Kiswahili, hata itafsiriwe na malaika, haiingii.

Rafiki yangu tunayesoma naye aliniandikia usiku uleule: "Si uandike tu kwa Kiingereza? Unajitesa nini?" Anajua nina mswada. Na hakusema upuuzi. Nina deni la ada, na pauni 30,000 ni fedha ambazo ukoo wetu mzima haujawahi kuzishika kwa pamoja.

Mswada wangu umetoka kwenye hadithi ambayo kila mtoto wa Kisukuma anaijua. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akamzaa Masala Kulangwa, mtoto akakua, akaliua zimwi, akalipasua tumbo, watu wakatoka. Katika kupasua, kisu kikamkata sikio bibi kizee mmoja, naye badala ya kushukuru akataka kumroga. Watu hucheka hapo. Mimi tangu utotoni nilibaki kule kwenye makapi. Mwanaye ana jina, zimwi lina jina, yeye hana.

Zamani hadithi kama hizi zilisimuliwa kwenye shikome, moto wa jioni wa wanaume na wavulana. Mimi niliisikia kwa bibi, jikoni. Nilipomuuliza mwaka huu yule mwanamke aliitwa nani, alinitazama kama niliyeuliza jina la jiwe la kusagia. "Mama Masala. Unataka jina gani tena, mayu?"

Kwa Kiswahili nisingekuwa wa kwanza, wala nisingeandika gizani. Ndyanao Balisidya alitoa Shida mwaka 1975. Zainab Burhani wa Zanzibar aliandika Mwisho wa Kosa. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 2015, aliyeshinda upande wa riwaya alikuwa Anna Samwel Manyanza, kwa Penzi la Damu; baadaye akashinda Zainab Alwi Baharoon kwa Mungu Hakopeshwi. Lakini waulize wanafunzi wenzangu wakutajie mwanamke mmoja wa riwaya ya Kiswahili: watakutajia Rosa. Naye aliandikwa na mwanamume, Kezilahabi wa Ukerewe, kisiwa kisicho mbali na kwetu. Rosa Mistika naipenda. Ila Rosa ni mhusika, na mimi nilikuwa naulizia waandishi.

Hapo ndipo ninapowaonea wivu Waingereza, na si kwenye pauni. Orodha ndefu ni majina 16 yanayotajwa kwa sauti siku moja, kabla hata ya mtu kushinda. Adichie hakufika orodha fupi mwaka 2025, lakini jina lake lilishasomwa. Sisi tukimpata mshindi tunampigia makofi, kisha unatafuta kitabu chake Bariadi mjini usikione.

Nimeamua kuendelea kwa Kiswahili. Rafiki yangu nimemjibu kwamba Kiingereza kitanipa waamuzi, lakini mama yangu hakisomi.

Sura ya kwanza mama aliisoma kwa sauti jioni moja, baada ya palizi ya pamba, akigeuza kwa Kisukuma pale alipoona bibi amemwacha. Alipofika mwanamke anapoingia kwenye makapi, bibi akamsimamisha kwa mkono.

"Makapi ya nini?"

Mama akanitazama. Nikauliza kuna tofauti gani.

"Ya uwele yanawasha. Zimwi linapita pale, na yeye hawezi kujikuna."

Nikachukua kalamu, nikaandika juu ya mstari: ya uwele. Bibi akamwambia mama aendelee.