Sauti Zisizo na Majina

Laptopu ikikufia Malindi, kila mtu atakwambia ni chumvi. Ati upepo wa bahari unakula kila kitu: mabati, baiskeli, hata meno ya zipu. Yetu ilipokataa kuwaka, jirani akasema chumvi, binamu akasema stima, maana siku hiyo ilikuwa imepotea na kurudi mara tatu kabla ya adhuhuri. Mwingine akashauri tuichomoe diski tuiweke kwenye friza usiku mmoja. Hiyo ya friza usiijaribu. Kwa unyevu wa huku, ukiitoa tu inalowa jasho kama chupa ya soda, na maji yakiingia ndani, basi tena.

Laptopu yenyewe haikutuuma. Ilikuwa kuukuu, herufi za kibodi zimefutika. Kilichotuuma ni rekodi. Mama alifundisha shule za msingi huko Magarini, na alipostaafu akaanza kuwarekodi wazee kwa simu: hawe, yaani nyanya yangu, dada zake, majirani waliolelewa na watu walioyaona ya mwaka 1914, Waingereza walipoilipua Kaya Fungo kwa baruti baada ya Mekatilili wa Menza kuwaamsha Wagiriama. Simu iliibiwa kwenye matatu. Hawe akafariki. Ikabaki nakala moja, ndani ya laptopu.

Fundi tulimpata Kilifi mjini, kijana mwenye meza moja na feni moja. Laptopu hakuiwasha. Alifungua skrubu, akachomoa diski, akaiunga kwa kebo kwenye kompyuta yake, kisha akaisogeza sikioni kama mtu anayechagua nazi.

“Haigongi, dada,” akasema. “Ingekuwa inagonga ningekwambia upeleke Nairobi, na uuze mbuzi kwanza.”

Ndani ya diski kama hiyo mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake bila kugusa. Kikianza kugonga, zima haraka. Yetu ilikuwa imechoka tu, sehemu nyingine hazisomeki. Kwa hiyo hakufungua faili hata moja. Alitumia ddrescue, programu ya bure inayonakili diski nzima kwanza: inabeba panaposomeka, inaruka pabaya, halafu inarudi pale pabaya polepole. Stima ikipotea, ina daftari lake la kuikumbusha ilikofika. Mimi nasema aliyeitunga alikuwa anaifikiria Kilifi. Ilichukua siku mbili.

Ile orodha inayoiambia kompyuta faili gani liko wapi ilikuwa imeharibika, kwa hiyo akaendesha PhotoRec juu ya ile nakala. Hii haijali majina. Inatafuta alama zinazoanza kila aina ya faili, hapa picha, hapa sauti, na kuzizoa. Tulirudi nyumbani na sauti 143, kila moja ikiitwa herufi f na msururu wa tarakimu. Folda za Mama, zenye jina la mzee, kijiji na tarehe, hazikurudi.

Nilifikiria vigango. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Denver, Marekani, lilirudisha Kenya vigango 30, nguzo zinazochongewa wazee wa Gohu waliofariki. Nguzo zilirudi, lakini kurudi peke yake hakusemi ipi ni ya mzee gani.

Sasa kila jioni Mama anakaa barazani na spika za masikio, daftari mapajani. Wengine anawajua kwa kikohozi. Mmoja alimtambua kwa jogoo: “Huyu ni wa Marafa, jogoo wake alikuwa hanyamazi.” Mwingine kwa mvua juu ya bati, maana alimrekodi mara moja tu, masika. Sauti yake mwenyewe ikiuliza maswali humkera. Anasema anawakatiza wazee kama watoto wa darasa la nne.

Ya hawe tumepata saba. Moja inakatika katikati, anaanza kucheka halafu kimya. Fundi alijaribu tena pale pabaya, hakuna kitu. Mama hakulifuta. Aliliita “Hawe anacheka”.

Zimebaki sauti tisa asizozijua. Jumamosi tunapanda matatu ya Garashi na spika ndogo, kwa shangazi wa Mama mwenye miaka themanini na kitu. Macho yamemwisha, lakini masikio bado.