Nani Atatia Sahihi?

Moto wa Grenfell Tower ulianzia kwenye friji. Ilikuwa haijatimia saa saba usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017, katika jiko la nyumba moja ya ghorofa ya 4, North Kensington, London. Moto wa namna ambayo zimamoto wa jiji hili huuzima na kurudi kituoni. Lakini ulipotoka dirishani ulidaka mabamba yaliyofunika ukuta wa nje, na haikupita nusu saa ulikuwa umepanda hadi kileleni mwa jengo la ghorofa 24. Watu 72 walikufa, 18 kati yao watoto. Ilikuwa Ramadhani. Waislamu wengi walikuwa macho kwa ajili ya daku, na baadhi yao ndio waliopita wakigonga milango ya majirani waliolala.

Mimi usiku ule nilikuwa kazini, upande wa mashariki wa jiji, nikihudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Mama alikuwa peke yake ghorofa ya 14, katika jengo ambalo miaka michache nyuma lilivalishwa mabamba mapya ya kung'aa. Magoti yalikuwa yameshamchoka. Kutoka chumbani hadi jikoni alikwenda akishika ukuta. Nilipompigia simu alfajiri alikuwa ameshaona yote kwenye televisheni. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, na sisi tumefunikwa kwa hayohayo?"

Ndiyo, kwa hayohayo, ila jibu lilichelewa kufika. Serikali iliagiza sampuli zipimwe, na mamia ya majengo yakaonekana yamevikwa kitu kisichofaa, letu likiwamo. Barua iliyosukumwa chini ya mlango ilisema mabamba hayakufikia kiwango, tusiwe na hofu, na moto ukitokea tubaki ndani mpaka zimamoto watuambie vinginevyo. Pale panapokaa sahihi palikuwa na jina la kitengo. Jina la mtu halikuwapo.

Shauri hilo la kubaki ndani ndilo lililoninyima usingizi kuliko hata mabamba yenyewe. Lina mantiki yake. Majengo haya hujengwa ili kila nyumba iwe chumba cha zege kinachozuia moto usitoke, kwa hiyo jirani akiunguza jiko lake wewe uko salama ulipo, na ngazi zinabaki wazi kwa zimamoto. Ila mantiki yote inasimama juu ya jambo moja: ukuta wa nje usiwake. Grenfell uliwaka, na watu waliopiga simu kuomba msaada waliendelea kuambiwa wasitoke. Shauri hilo halikuondolewa mpaka saa nane na dakika 47 usiku. Tume ya uchunguzi, chini ya jaji mstaafu Martin Moore-Bick, ilisema katika ripoti yake ya kwanza ya Oktoba 2019 kwamba uamuzi wa kuwatoa watu ulipaswa kufanywa kati ya saa saba na nusu na saa nane kasoro dakika kumi. Kati ya wakazi 37 wenye ulemavu, 15 walikufa. Nilipoisoma hesabu hiyo nilimwona Mama ameshika ukuta, nikafunga kompyuta.

Siku moja mafundi walikuja kukata kipande cha kwenda kupimwa, na kingine kidogo kikasahaulika dirishani kwetu. Mama alikitia mkononi akakigeuza. Ni karatasi mbili nyembamba za aluminiamu, na katikati yake plastiki nyeusi ya unene wa milimita 3. Akaikuna kwa ukucha, akainusa. "Hii si plastiki ya ndoo?" Ndiyo hiyo, Mama. Polithini. Ikipata moto huyeyuka, hudondoka na huwaka, na tulikuwa tumezungushiwa toka chini hadi juu, kwa ajili ya sura nzuri na ya joto kidogo wakati wa baridi.

Jinsi kitu kama hicho kilivyofika ukutani mwa nyumba za watu tumekuja kuelezwa kwa urefu. Ripoti ya pili ya Tume ilitoka tarehe 4 Septemba 2024, karibu kurasa 1,700, nayo ilisema vifo vyote vile vingeweza kuepukwa. Mpango wa mwanzo Grenfell ulikuwa mabamba ya zinki. Yakabadilishwa, ikaokolewa takriban pauni 293,000. Tume ilikuta kwamba Arconic, waliotengeneza mabamba, walificha kwa makusudi ukubwa wa hatari yake, na kwamba Celotex na Kingspan, watengenezaji wa vizuia joto vilivyowekwa nyuma yake, walipotosha soko kuhusu bidhaa zao. Serikali nayo ilionywa mapema. Julai 2009 watu 6 walikufa kwa moto Lakanal House, kusini mwa London, nao pia waliambiwa wabaki ndani. Mwaka 2013 msimamizi wa uchunguzi wa vifo hivyo aliitaka serikali ipitie upya mwongozo wake wa usalama wa moto. Miaka minne baadaye Grenfell iliungua, mwongozo haujaguswa.

Mbele ya Tume kila aliyehojiwa alikuwa na wa kumwelekezea kidole. Msanifu alimtegemea mkandarasi, mkandarasi akamtegemea aliyefunga mabamba, aliyefunga akawategemea wakaguzi wa halmashauri. Nilifuatilia vikao hivyo kwenye simu nikirudi kazini, na nilihisi nasikiliza barua zetu zikisomwa kwa sauti. Kwa maana na sisi tulikuwa na pande tatu: mwenye jengo, kampuni ya kulisimamia, na mkandarasi. Ukimwandikia huyu anakuelekeza kwa yule. Unguja nilikokulia, ukiwa na shida ya mtaa unajua nyumba ya sheha iko wapi. Anaweza akakujibu vibaya, anaweza asikusaidie kabisa, lakini ana jina, ana mlango, na kesho utakutana naye sokoni.

Maisha ya kipindi kile yalikuwa hivi. Waliwekwa walinzi wa kupita korido usiku kucha wakiwa na honi, ili moto ukitokea watuamshe kwa kelele na sote tutoke. Kwa hiyo lile shauri la kubaki ndani likafutwa, safari hii kwa tangazo lililobandikwa kwenye lifti. Lifti yenyewe haitumiki kukiwa na moto. Niliuliza: Mama atashukaje ngazi za ghorofa 14? Nikajibiwa kwamba swali langu limepokelewa. Nikaacha kazi za usiku, na mshahara ukapungua kwa kiasi cha kuumiza. Jirani wa mlango wa pili, mama wa Kibangladeshi, alichukua ufunguo wetu na kuniapia kwamba hatashuka bila Bibi. Mwenyewe alikuwa na wajukuu wawili ndani. Sikujua nimwombe Mungu amlipe nini.

Ghorofa ya juu yetu aliishi muuguzi aliyenunua nyumba yake kwa mkopo. Sisi wapangaji tulikuwa na hofu. Yeye alikuwa na hofu na bili. Alitakiwa achangie walinzi, na kulikuwa na tishio la kuchangia mabamba, huku nyumba haiuziki kwa sababu benki zilikataa kuikopeshea. Sheria ya Usalama wa Majengo ya 2022 ndiyo iliyowapa kinga wengi wa watu kama yeye. Kabla ya hapo nilikuwa nikimsikia akitembea chumbani mwake usiku wa manane, huku na huku.

Kilichotuvusha, baada ya Mwenyezi Mungu, ni mkutano wa wakazi kwenye chumba cha jumuiya, na uamuzi mmoja tuliokubaliana: kila barua iulize jambo moja tu, na iombe jina. Tuliacha kulalamika kwa jumla. Mimi yangu ilikuwa hii: ni nani, kwa jina lake, ameamua kwamba mwanamke asiyeweza kushuka ngazi aendelee kulala ghorofa ya 14? Nikipata jibu la kitengo, narudisha barua ileile na tarehe mpya. Mama alizipanga nakala kwenye bati la biskuti, akiniuliza kila Ijumaa kama nimeandika.

Siku moja akaja dada mmoja wa ofisi ya usalama ambaye hatukuwahi kumsikia. Alivua viatu mlangoni. Akamwomba Mama ainuke, akatembea naye pole pole hadi kwenye mlango wa ngazi, akiangalia saa yake, akamshika mkono kwenye kidato cha kwanza, cha pili, kisha akasema basi, Mama, inatosha. Aliketi nasi akaandika alichokiona, na chini yake akaandika jina lake kamili na kutia sahihi. Mama alimwombea dua mpaka kwenye lifti. Tulihamishiwa nyumba ya chini kabisa, jengo la jirani, kabla ya mabamba kuanza kutolewa. Wenzetu waliobaki juu walikaa majira yote ya baridi nyuma ya viunzi na maturubai, mchana taa zimewashwa.

Sijapata jibu la nani aliyeidhinisha mabamba yetu. Familia za Grenfell zinangoja zaidi: Mei 2024 polisi wa London walisema uamuzi wa kumshtaki mtu yeyote hautarajiwi kabla ya mwisho wa 2026. Wao walizika. Mimi Mama yangu yuko hapa ananisikiliza nikiandika, alhamdulillahi, na kwa ajili hiyo naona nina deni kwao.

Tume ilipendekeza tangu 2019 kwamba wakazi wasioweza kujitoa wenyewe wawe na mpango wao wa kuokolewa. Serikali iliukataa ushauri huo 2022, na ni baada ya kampeni ndefu ya watu wenye ulemavu na familia za Grenfell ndipo kanuni zilipotungwa 2025, zikapangiwa kuanza Aprili 2026. Jengo letu la zamani lina wazee kadhaa. Jumamosi huwa ninakwenda kukaa nao, tunaandika maombi yao, na mstari wa mwisho ninausoma kwa sauti ili kila mmoja aukague: tafadhali tupeni jina la atakayeshughulikia.