Goti la mdogo wangu na ng'ombe watatu

Nimerudi mjini juzi kutoka nyumbani Balangdalalu, na vumbi la njiani bado sijalikung'uta.

Kule kwetu ukiumia goti, kabla hujapewa hata maji ya kunywa utatajiwa John Stephen Akhwari. Mnamjua: mkimbiaji wa Mbulu, marathoni ya Olimpiki Mexico City 1968. Alianguka, goti likafungwa bandeji, akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Tunajivunia, na tuna haki. Lakini mdogo wangu, miaka 23, aliumia goti kwenye mechi ya mpira, akatajiwa Akhwari, akaendelea kucheza miezi miwili. Wanaomtaja husahau kwamba Akhwari alipona: mwaka 1970 alishika nafasi ya tano kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. La mdogo wangu linavimba kila akitoka kuchunga, na siku nyingine linagoma kunyooka.

Alipigwa eksirei. Akaambiwa mifupa ni mizima, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Sasa gegedu, lile tabaka laini jeupe linalofunika ncha za mifupa (mnaliona kwenye paja la kuku), halionekani kwenye eksirei. Halina mishipa ya damu pia, ndiyo maana likichimbika halijizibi kama jeraha la ngozi.

Kisha mjomba akatumiwa video kwenye simu: nje ya nchi kuna sindano ya seli, goti linakuwa jipya. Kikao kikakaa, ikaamuliwa wauzwe ng'ombe watatu. Nikapigiwa simu.

"Dada, wewe ni mwandishi. Soma utuambie kama ni kweli."

Nikasoma usiku kucha. Matibabu ya seli yapo, ila si yale ya kwenye video. Mwaka 1994 madaktari wa Gothenburg, Uswidi, akina Mats Brittberg na Lars Peterson, walitangaza matokeo ya wagonjwa 23. Unachukuliwa kipande kidogo cha gegedu lako mwenyewe, sehemu ya goti isiyobeba uzito mkubwa. Seli zake zinakuzwa maabara kwa wiki kadhaa, kisha unapasuliwa tena na kupandwa seli hizo pale penye shimo. Kati ya 16 walioumia upande wa mfupa wa paja, 14 walikuwa vizuri baada ya miaka miwili. Kati ya 7 walioumia kwenye pia ya goti, 2 tu. Utaalamu umesogea tangu hapo. Mwaka 2016 Marekani iliruhusu aina ambayo seli huoteshwa juu ya utando. Lakini bado ni dawa ya shimo linalojulikana lilipo na ukubwa wake, siyo ya kila goti linalouma.

Nilipofika nyumbani nikaeleza yote hayo. Mjomba akasikia neno moja.

"Kwa hiyo ni kweli!"

Mama ndiye aliyeuliza la maana. Akishapandwa, atakaa muda gani? Nikamwambia: magongo kwa wiki kadhaa, mazoezi ya miezi mingi, na mpira labda baada ya mwaka.

"Na nani atachunga?"

Kusema kweli, usiku mzima wa kusoma habari za seli sikuwa nimejiuliza hilo. Nikabaki nachezea kikombe cha chai.

Mwenye goti alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akasema yeye anataka tu kujua kimeharibika nini humo ndani. Maana mpaka pale hakuna aliyejua: gegedu, kano, au yale mato madogo yaliyo katikati ya mifupa. Tulikuwa tunauza ng'ombe watatu kuziba shimo ambalo hakuna aliyeliona.

Ameuzwa mmoja, mnadani. Jumanne nampeleka Dodoma kwa kipimo cha MRI. Mjomba hajaifuta ile video, anasema ataitunza.

Mpira tumempiga marufuku. Jumapili asubuhi nikamkuta nyuma ya nyumba anapiga danadana. Ananiambia nisiwe na wasiwasi, anatumia mguu mzima. Amesimamia ule mbovu.