Bukari ya Mama na Bukari ya Mjini

Wengi wetu tukiombwa kuandika juu ya mila ya kula, tunakimbilia kijijini: babu, moto, chungu. Sisi tulizaliwa Lubumbashi, katika komini ya Kenya, na yale tunayoyajua juu ya kula tuliyajifunza mjini. Basi tutasema ya mji. Tena tukiri mapema, ndugu msomaji: sisi ndugu watatu, kaka wawili na dada mmoja, tunapenda chakula kupita kiasi. Falanga zikiingia, wengine wananunua bati. Sisi tunatafuta meza.

Na meza tumezikalia nyingi. Kwa Wagiriki tulikula samaki, na haikuwa ajabu, kwani ni Wagiriki waliofanya biashara ya samaki kule Kasenga, kando ya Luapula, wakati wa wakoloni, wakiwaleta hapa ndani ya barafu katika malori, kilomita zaidi ya 200. Katika Park Hotel tulijifunza kukaa wima na kuongea polepole. Usiku tulikula michopo ya mbuzi, pale ambapo hakuna meza wala sahani, kuna karatasi tu, kitunguu, pilipili na chupa ya Simba. Kuna watu watakaosema kwamba hiyo si restora. Hao hawajaila ingali ya moto.

Lakini kila tulipokula, tulikuwa tunapima na kitu kimoja: bukari ya nyumbani.

Bukari hiyo nayo ni ya mji kuliko tunavyofikiri. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, reli ikafika mwaka huohuo kutoka kusini, na unga wa muhindi ulipita kwa reli hiyo kutoka Rodezia. Wafanyakazi wa Union Minière walipewa unga kama posho, wao ambao makwao wengi walikuwa wanakula mihogo, mtama ao ulezi. Mji ukawafundisha bukari nyeupe. Ila namna ya kuila waliitoa makwao: maji ya kunawa kwanza, mkubwa ananawa mbele, sahani moja katikati, mtoto hagusi nyama mpaka apewe. Mgeni akiingia hakuna anayemuuliza kama ana njaa. Anasogezewa maji.

Baba yetu alikuwa mutu ya Gécamines. Katika miaka ya 1990 mshahara ulianza kuchelewa, kisha ukasahau njia kabisa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika ile iliyoitwa kuondoka kwa mapenzi, na baba alikuwa mmoja wao. Mapenzi ya nani, hatujui. Mama hakungoja pesa ile iishe. Aliweka benchi mbili mbele ya nyumba, meza moja, masufuria matatu: bukari, sombe, na samaki tomsoni. Ikawa malewa, neno lililotujia kutoka Kinshasa.

Tuseme ukweli: tulisikia haya. Nyanya alikuwa anasema mtu mwenye nyumba hali njiani, na sasa njia ilikuwa mlangoni petu. Wenzetu wa masomo wakipita, tulijificha ndani. Mama hakujificha. Kila muteja alimwagiwa maji mikononi na mama mwenyewe, jagi mkono wa kuume, beseni chini: dereva, mchimba madini, mwalimu ambaye hakulipwa. Mwenye deni aliandikwa katika kaye, lakini naye alinawishwa sawa na wengine. Watu wasiojuana walikaa benchi moja, na kabla bukari haijaisha walikuwa wamekwisha kuulizana kijiji. Kwa malewa hiyo tulisoma, wote watatu.

Magoti yakamchosha mama, akaacha kuuza. Sisi tukapata kazi. Siku ya Mungu moja tukamuvalisha vizuri, tukampeleka kwa restora kubwa ya mjini. Jina tunaliacha, kwani kosa lilikuwa letu pia.

Menyu ilikuwa ya Kifaransa. Sombe ilikuwemo, lakini iliandikwa pondu, sawa vile Kinshasa, dola 15. Mama akasema:

— Kumbe sombe yetu ilipanda ndege!

Tukacheka. Kisha akaomba mayi ya kunawa. Garsoni, kijana mwenye heshima, akamwonyesha robine mwisho wa koridoo. Mama hakusimama.

— Mayi inafwataka mugeni, mutoto. Mugeni hafwatake mayi.

Garsoni akatutazama sisi. Meza ya jirani nayo ikatutazama. Na sisi, watu wazima wenye shahada, tukasikia haya ileile ya mwaka 2003. Mmoja wetu alianza hata kusema polepole: «Mama, hapa si nyumbani.» Hatutasema ni nani. Mama akatulia, mikono miwili wazi juu ya meza, akingoja.

Dada ndiye aliyesimama. Alichukua bakuli ya saladi, akaimwaga saladi katika sahani yake, akafungua chupa ya maji tuliyouziwa dola 2, akamnawisha mama pale mezani. Kisha kaka mkubwa akanawa, kisha wote. Hatukugusa uma.

Bukari ilikuja vibonge vidogo, kila kimoja kimefungwa katika plastiki. Mama alikifungua kimoja. «Banaifunga sawa bombo,» akasema. Akavifungua vyote, akavikusanya katika sahani moja, akaisukuma katikati. «Kila mumoja na sahani yake, sawa bagonjwa mu lopitali, hapana.» Akamega, akachovya, akatafuna kwa makini ya mtu wa kazi. Sombe: «Habakuitwanga, baliisaga mu mashini, na mafuta ni kidogo.» Samaki: «Huyu mupishi wa samaki anajua.» Akala mpaka mfupa. Tuliposhiba, alifunga kilichobaki ili kipelekwe kwa mlinzi wa mlangoni, akataka na maji yaliyobaki katika chupa yaende pamoja nacho.

Hesabu ilipokuja aliomba kuisoma. Alitazama kwanza mwisho, halafu ule mstari wa maji, akaukalia muda mrefu.

— Malewa yangu, mayi ya kunawa sikuiuzishaka.

Juma lililofuata aliuliza tunarudi lini, kwa ajili ya yule samaki. Tangu hapo katika gari letu mna beseni ndogo ya plastiki na jagi. Garsoni wa restora mbili wamekwisha kuizoea. Wa tatu alituuliza kama tunauzisha kitu.