Jumamosi ya mwisho ya chura wa kijani



Tangu turudi mnatuuliza tulileta nini kutoka Marekani. Sabuni na nguo za watoto tulikwisha kugawa. Kilichobaki ni habari moja, na tumeona tuiandike hapa, isiishie njiani tunapokwenda soko. Inahusu watoto wetu pia, na inahusu kosa tulilolifanya sisi wenyewe.

Sisi wawili tulisafiri mwezi wa tano mwaka 2025 kwenda Florida kumsaidia binti yetu aliyejifungua. Mmoja wetu ni mama yake, mwingine ni mama yake mdogo. Binti alipata bahati ya loteri ya viza, akaenda na mume wake na mtoto wao wa kwanza, ambaye wakati ule alikuwa na miaka mitano. Leo mtoto huyo ana miaka 13 na sauti yake imeanza kuwa nzito. Wanakaa karibu na mji wa Orlando.

Mji ule unaishi kwa wageni. Kuna hoteli juu ya hoteli, na watu wa kutandika vitanda vya hoteli hizo wametoka pande zote za dunia, na binti yetu ni mmoja wao. Tulikuwa tumeacha Lubumbashi inaanza kuingia kwenye baridi, watu wanatafuta makoti. Kule tukakuta joto la kukulowesha shati kabla ya saa tatu asubuhi, na mchana mawingu yanakusanyika, radi inapiga, mvua inamwagika, halafu jua linarudi kama hakuna kilichotokea.

Jioni moja, tukiwa tunasonga bukari, kijana akaja jikoni akasema: «Kambo, Jumamosi wanafunga nyumba ya wanasesere. Nataka twende sote.» Tulifikiri ni duka. Binti akacheka, lakini tuliona macho yake yamebadilika.

Akatueleza. Mwaka wa kwanza walipofika, mtoto hakujua neno la Kiingereza. Shuleni alikaa kimya miezi na miezi. Alikuwa akirudi nyumbani anajifunika shuka. Siku yake ya kuzaliwa wazazi wakakusanya pesa wakampeleka kwenye bustani kubwa ya michezo iitwayo Disney's Hollywood Studios. Mashine za kukimbia na kupinduka zilimtisha. Kwa kukwepa jua wakaingia kwenye jumba moja dogo la maonyesho liitwalo Muppet*Vision 3D. Humo mtoto akacheka hadi akashika tumbo. Binti alituambia: «Mama, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tulipotoka nyumbani.» Toka siku hiyo, kila mwaka, siku ya kuzaliwa ilikuwa ni kwenda kule.

Basi tukakubali. Kwa kweli bei ilitushtua. Tiketi ya siku moja inapita dola 100 kwa kila mtu, nasi tulianza kuhesabu kwa vidole ni mifuko mingapi ya unga na ni pesa za masomo za watoto wangapi. Binti akasema: «Hesabu hiyo muiache nyumbani, mama. Nimekwisha kulipa.»

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, tarehe 7 mwezi wa sita. Tulifika asubuhi na mapema, tukakuta foleni imezunguka jengo. Watu wengi walivaa kijani, rangi ya chura aitwaye Kermit, ambaye ndiye mkubwa wa wanasesere wale. Wengine walishona kofia zenye macho mawili ya chura juu. Kulikuwa na vijana, akina baba wenye mvi, na akina mama waliobeba watoto wachanga. Mwanamke mmoja mbele yetu alikuwa anafuta machozi, na hata mlango ulikuwa haujafunguliwa. Mwanaume mmoja mkubwa, mwenye mikono ya fundi, alishika mwanasesere kwapani kama sisi tunavyoshika mfuko wa soko.

Sisi tulitazamana. Kwetu watu hulia hivyo penye matanga.

Kijana ndiye aliyetusomea mambo yote tukiwa kwenye foleni. Kumbe mwanzo wa yule chura ni koti la mama. Mwaka 1955 kijana wa Marekani aitwaye Jim Henson, ambaye hakuwa hata amefikisha miaka 20, alichukua koti kuukuu la mama yake, akalikata, akalishona liwe mwanasesere wa kuvaa mkononi. Macho aliyatengeneza kwa mpira wa tenisi ya mezani uliokatwa vipande viwili. Wamama washonaji, mmesikia? Mwanasesere huyo wa kwanza leo amehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya taifa mjini Washington. Nasi tunatupa mabaki ya vikwembe kila juma.

Henson akaendelea hadi wanasesere wake wakajulikana katika inchi nyingi. Kazi yake ya mwisho kubwa nao ndiyo filamu ya jumba hili. Aliiongoza yeye mwenyewe, na sauti ya chura ndani yake ni sauti yake. Lakini hakuiona ikifunguliwa. Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 16 mwezi wa tano 1990, akiwa na miaka 53. Jumba likafunguliwa tarehe 16 mwezi wa tano 1991, mwaka mmoja kamili baada ya kifo chake. Hapo ndipo tulipoanza kuelewa yale machozi ya foleni. Watu walikuwa wanakuja kusikia sauti ya marehemu.

Na kwa nini wafunge? Wenye bustani walitangaza mwishoni mwa mwaka 2024 kwamba pale watajenga mambo mapya, ya filamu ya mazimwi iitwayo Monsters, Inc. Walisema wanasesere wao watahamishiwa kwenye mashine nyingine ya kukimbia kwa kasi, ndani ya bustani hiyohiyo. Kuhusu filamu ya Henson walisema wanatafuta njia ya kuihifadhi. Wapenzi wa jumba hawakukubali kwa urahisi. Wengine waliandika maombi na kukusanya saini. Wengine walisema kwa haki kwamba viti vingi vilikuwa vinabaki vitupu siku za kawaida, na bustani isiyobadilika hufa. Mzee mmoja kwenye foleni alimwambia kijana wetu, naye akatutafsiria: «Tulipenda jumba hili, lakini tulisahau kuja.»

Neno hilo lilituchoma. Mtaona kwa nini.

Mlangoni kulikuwa na kichekesho ambacho kijana alitaka tukione kabla ya yote. Kulikuwa na kidirisha kidogo chenye tangazo: nimetoka, ufunguo uko chini ya zulia. Ukiinua zulia la kufutia miguu, kweli, ufunguo ulikuwa pale. Alituinamisha sisi wote wawili, na migongo yetu hii, tuuone.

Ndani palikuwa na ukumbi wa mapazia mekundu, kama wa zamani. Ulivaa miwani ya pekee, na vitu vya kwenye filamu vilitoka hadi puani kwako. Chini mbele kulikuwa na wapiga muziki, nao walikuwa ndege wa baridi, pengwini. Juu pembeni, kwenye baraza, walikaa wanasesere wawili wazee ambao kazi yao ilikuwa kulalamika tu: hiki kibaya, kile kibaya, zamani ilikuwa bora. Mmoja wetu alisema kwa sauti: «Hawa nawajua, wanakaa chini ya mwembe wetu!» Watu wa mstari ule wakageuka. Hawakuelewa neno lakini walicheka nasi.

Kiingereza chetu ni cha salamu tu, lakini hatukuhitaji zaidi. Maji yakaturukia, mapovu ya sabuni yakashuka kutoka juu, jitu lenye manyoya likatembea kati ya viti. Mwishoni mpishi, aliyekuwa nyuma yetu, akapiga mizinga, na ukuta wa ukumbi ukaonekana umebomoka, tukaona nje kupitia matundu. Ulikuwa uongo wa michezo, na kwa miaka 34 kila mtu alicheka hapo. Siku ile wengi hawakucheka, maana walijua ukuta wa kweli unafuata.

Taa zilipowaka, watu hawakutoka. Walisimama wakapiga makofi, muda mrefu sana, kwa filamu na mashine ambazo hazisikii. Wafanyakazi wa mlango nao walikuwa wanalia. Kijana wetu alikaa kimya, akakunja mikono. Halafu akamwambia mama yake kwa Kiswahili, yeye ambaye siku hizi hutujibu kwa Kiingereza: «Asante kwa kunileta.» Binti akamvuta kichwa, akakiweka begani, ingawa kijana amemzidi urefu.

Wamama, tuliporudi tulipita mbele ya chumba chetu kidogo, kile cha nyuma ya ukumbi, ambamo watoto walikuwa wanafanya michezo yao ya Jumamosi, wanasimuliana hadithi na kucheza na wanasesere wa vitambaa. Mnakumbuka tulikikodisha mwaka jana kwa mfanyabiashara wa simenti. Hatusemi tulikosea kukodisha. Kodi ile imelipa hospitali kwa wamama watatu waliojifungua kwa kupasuliwa, na likelemba yetu peke yake isingeweza. Lakini namna tulivyofunga ndiyo aibu yetu. Hatukuwaambia watoto. Walikuja Jumamosi wakakuta kufuli. Wakarudi Jumamosi iliyofuata, wakakaa kwenye ngazi, wakangoja. Hakuna mkubwa aliyetoka kuwaeleza. Sisi wawili tulikuwa ndani ya mkutano, tuliwaona dirishani.

Kule Florida watu walipewa miezi ya kujiandaa na siku ya kuaga. Hawakushinda, jumba limefungwa. Lakini kila mtu alipata kusema asante, na mtoto akajua kwamba furaha yake ilikuwa jambo la maana machoni pa wakubwa. Wa kwetu walijifunza kinyume chake.

Basi tunaleta mambo matatu kwa mkutano ujao. La kwanza, tuwaite watoto wale, tuwaombe radhi mbele yao, kwa maneno mepesi. La pili, mkataba wa simenti unaisha mwezi wa kumi na mbili: tuujadili upya tukiwa na hesabu mezani, na anayetaka chumba kirudi kwa watoto aseme pia pesa za hospitali zitatoka wapi. La tatu halingojei mkutano: baraza la mbele halina mpangaji. Kila Jumamosi saa nane linakaa tupu.

Mzee wa kwenye foleni alisema walisahau kuja. Sisi bado hatujachelewa. Jumamosi hii tutakuwa barazani, sisi wawili, na sindano, uzi, na mfuko wa mabaki ya vikwembe. Mama mwenye koti kuukuu alilete. Na watoto wenu waje nalo.