Wasiwasi na Dawa Yake

Hakuna mzigo mzito kama ule usioonekana kwa macho. Mkulima akiisha kupanda mahindi yake, hulala akihesabu mawingu. Karani hurudi nyumbani jioni na kuketi mbele ya chakula, lakini roho yake iko mbali, katika karo ya watoto na deni la dukani. Jogoo wa kwanza humkuta yu macho. Naye akiulizwa asubuhi ameumwa na nini, hana jeraha la kuonyesha. Jambo analoliogopa bado halijatokea, na pengine halitatokea kamwe; hata hivyo limekwisha kumla nguvu za siku nzima.

Wako wanaodhani kwamba wasiwasi ni ugonjwa wa watu wasio na dini au wasio na elimu. Sivyo. Habari za John Wesley, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1703, zaonyesha kwamba hata mhubiri aweza kushikwa nao. Bwana huyu alisoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, akawa padre, akafunga na kusali kwa saa maalum, akawatembelea wafungwa gerezani. Mwezi wa Oktoba 1735 alipanda merikebu pamoja na ndugu yake Charles, kwenda Georgia katika Marekani, nchi ambayo wakati huo ilitawaliwa na Uingereza.

Katika merikebu hiyo walikuwamo Wajerumani 26 wa Kanisa la Moravian. Walikuwa watu wapole. Walifanya kazi za utumishi ambazo abiria wengine walizidharau, wala hawakutaka malipo. Na mtu akiwasukuma au akiwapiga, hawakunung'unika. Wesley alivutiwa nao hata akajifunza lugha yao apate kuzungumza nao.

Tarehe 25 Januari 1736, Wamoravian walipokuwa katika ibada yao, wimbi kubwa liliifunika merikebu. Likapasua tanga kuu, na maji yakamwagika ndani kana kwamba bahari imekwisha kuwameza wote. Waingereza wakapiga mayowe. Wale Wajerumani waliinua macho tu, kisha wakaendelea kuimba zaburi yao. Baadaye Wesley alimwuliza mmoja wao kama hakuogopa. Alijibiwa kwamba hakuogopa, na hata wanawake na watoto wao hawakukiogopa kifo.

Jibu hilo lilimchoma moyoni, maana yeye mwenye mafundisho mengi alikuwa ameogopa. Alitambua kwamba imani yake ilikuwa njema wakati bahari ni shwari, lakini ilimwacha mikono mitupu siku ya hatari. Kazi yake huko Georgia haikufaulu, akarudi kwao mwaka 1738 akiwa na huzuni. Jioni ya tarehe 24 Mei mwaka huo, alikwenda bila kupenda kwenye mkutano mdogo katika mtaa wa Aldersgate, London. Hapo palisomwa maelezo ya Martin Luther juu ya Waraka kwa Warumi. Wesley alipokuwa akisikiliza, alipata hakika kwamba Kristo amemsamehe yeye mwenyewe, wala si watu wengine tu.

Yafaa kuangalia jambo lililofuata. Usiku ule ule, aliporudi nyumbani, majaribu yalimjia tena na tena. Lakini sasa alijua pa kuyapeleka: alimlilia Mungu, nayo yakakimbia. Aliendelea na kazi yake mpaka alipofariki mwaka 1791, mwenye umri wa miaka 87. Na wamisionari wa Kimethodisti walifika hata Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862.

Basi imani haizuii dhoruba, wala si ruhusa ya kukaa bure. Baharia amwombaye Mungu hazifungui kamba mkononi. Ndege wa angani, ambao Bwana Yesu aliwatolea mfano, hulishwa na Baba, lakini huondoka kiotani alfajiri kutafuta. Vivyo hivyo mkulima mwenye imani huchagua mbegu njema, hukinga udongo usichukuliwe na maji, na huweka akiba ghalani. Karani mwenye deni huliandika katika karatasi lote pia, kisha huenda mchana kusema na mwenye duka, badala ya kubishana naye usiku kitandani peke yake.

Akiisha kutimiza sehemu yake, yabaki yale yasiyo mikononi mwake. Mvua hailetwi na mtu kukesha. Hapo ndipo apigapo magoti pamoja na mkewe na watoto, akataja mahitaji yake moja moja, akayakabidhi, akalala. Na kama wasiwasi ukirudi kesho, asidhani kwamba imani yake imekufa. Ulimrudia Wesley pia. Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Aombe tena, kisha ashike jembe lake.