Jina Lilipoitwa Darasani

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli pale Usinge, kituo kilicho kati ya Kaliua na Nguruka katika njia ya Kigoma. Mwaka 1973, nilipokuwa na miaka 13, aliletwa nyumbani kwetu kijana wa Kirundi wa miaka 15 pamoja na dada yake mdogo. Jamaa zao walikuwa Ulyankulu, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1972 kwa wakimbizi wa mauaji ya Burundi.

Mama alimbeba yule mdogo mgongoni, akamwimbia. Kijana alipewa jembe. Alikuwa na mabega mapana, nasi tukamhesabu mtu mzima. Ndugu msomaji, umri ule hauna pa kulilia: utoto umekwisha kupita, na ukubwa haujafika.

Tulilala chumba kimoja. Usiku aliamka akihema, jasho likimtoka, na mara nyingine mkeka wake ulikuwa umelowa. Akauosha kabla hakujapambazuka.

"Umelalaje, baba?" mama alimwuliza kila asubuhi.

"Salama, mama."

Mimi niliyejua ukweli niliusimulia kwa wenzangu kisimani, tukacheka. Sijapata kumwomba radhi.

Kwao alikuwa ameanza sekondari. Kwetu, kwa sababu ya lugha, aliwekwa darasa la tano pamoja nami. Mwalimu aliposoma majina ya mahudhurio, kijana alitetemeka hata akashindwa kuitika. Hapo pia tulicheka. Miaka mingi ilipita kabla sijafahamu kwamba katika Burundi ya mwaka 1972 wanafunzi wa Kihutu waliitwa kwa majina yaliyoandikwa katika orodha, wakatolewa shuleni, wasirudi tena.

Siku mzaha wetu ulipomfikia, hakugombana na mtu. Alimshika dada yake mkono, wakapanda treni ya Kaliua kuwafuata jamaa zao.

Leo waganga wanayo majina ya maradhi yale. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa, katika nchi zilizopitiwa na vita, mtu mmoja kati ya watano ana ugonjwa wa akili. Sisi tulikuwa naye chumbani, tukaona mkeka tu.

Mwaka 2014, vyeti vya uraia vilipoanza kugawiwa kwa wakimbizi wale wa 1972, niliwaza kama naye alikuwamo mstarini, akingoja jina lake liitwe.